Uzi wa NCLEX: nilifeli kwa maswali 85, nikafaulu kwa maswali 131

Mleta uzi

Salaam wanajukwaa.

Nimekuwa msomaji wa kimya kwa muda mrefu, na katika muda huo nimesoma nyuzi nyingi za wauguzi waliofaulu NCLEX-RN, mtihani wa kupata leseni ya muuguzi aliyesajiliwa Marekani, karibu zote zikiwa za shukrani na pongezi. Nyuzi za waliofeli ni chache, na sababu inaeleweka, kwani hakuna anayefurahia kutangaza anguko lake. Mimi nimefeli mara moja na kufaulu mara moja, kwa hiyo naona nina deni la kuandika pande zote mbili, hasa kwa ajili ya wale ambao sasa hivi wana kibali cha kufanya mtihani mkononi na usingizi umewaruka.

Niliposhindwa, magonjwa niliyajua na dozi nilizijua. Kitu ambacho sikukijua ni jinsi mtihani wenyewe unavyompima mtu, na kwa kutokujua huko niliingia katika ugomvi na kompyuta ambao yenyewe haikuwa na habari nao.

Siku ile nilifika kituoni saa nzima kabla ya muda. Nilipigwa picha, nikaweka kiganja juu ya kifaa kinachosoma mishipa ya mkono, nikafungia simu na saa yangu kabatini, kisha nikaongozwa hadi kwenye kiti changu nikiwa na kitambulisho, ubao mdogo wa kufutika na kalamu yake. Maswali 10 ya mwanzo yalikwenda vizuri. Baada ya hapo yakaanza kumiminika yale ya kuchagua majibu yote yanayofaa, na mimi nilikuwa nimeambiwa na wenzangu kwamba ukiyaona hayo kwa wingi ujue unafanya vizuri. Nikaanza kuyahesabu. Nilichora kistari kimoja ubaoni kwa kila swali la aina hiyo, na nilipofikisha vistari 14 likaja swali jepesi kabisa, la kiwango cha mwaka wa kwanza. Tumbo lilinikata. Nilijiambia kwamba kompyuta imenishusha daraja, na kuanzia hapo sikuwa nikimsoma mgonjwa wa kwenye swali. Nilikuwa nikiisoma kompyuta, nikijiuliza kila mara kama swali lililo mbele yangu ni gumu au jepesi, na kama ni jepesi nimekosea wapi. Ilipofika saa 2 tangu nianze skrini iliniuliza kama nataka kupumzika, nikakataa kwa kuogopa kupoteza muda.

Kwenye swali la 85 mtihani ukafungwa. Nilitoka nikiwa na furaha ya siri, kwa sababu nilikuwa nimesikia pia kwamba ukifungiwa kwenye 85 umefaulu. Saa 48 baadaye nililipa dola 7.95 ili kuona matokeo yasiyo rasmi, nikakuta nimefeli.

Wiki ya kwanza sikugusa kitabu. Wiki ya pili nikafanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya miezi mingi nyuma, yaani kusoma maelezo ya Baraza la Taifa la Bodi za Uuguzi za Majimbo ya Marekani, NCSBN, ambalo ndilo lenye mtihani huu. Zamani watu waliufanya kwa karatasi, mara 2 kwa mwaka, wakikaa siku 2 wote wakijibu maswali yale yale. Tangu mwaka 1994 hufanywa kwa kompyuta inayojirekebisha kwa kila mtahiniwa. Kila unapojibu, kompyuta hukadiria upya uwezo wako na kukuchagulia swali ambalo, kwa makadirio hayo, una nafasi ya takriban nusu kwa nusu ya kulipata. Maana yake ni kwamba aliye hodari na aliye dhaifu wote hutoka wakihisi wamekosa karibu nusu ya maswali, na kweli wamekosa karibu nusu. Tofauti yao ni kwamba mmoja alikuwa akikosa maswali yaliyo juu ya mstari wa ufaulu, na mwingine akikosa yaliyo chini yake. Muuguzi aliyezoea kupata asilimia 85 chuoni hajawahi kukutana na hali hiyo maishani mwake, na ndiyo maana anatoka analia.

Mtihani hukoma pale kompyuta inapokuwa na uhakika wa asilimia 95 kwamba uko juu ya mstari au chini yake, ilimradi umejibu maswali yasiyopungua 85. Isipopata uhakika huo inaendelea hadi maswali 150 au hadi saa 5 zikatike. Kwa hiyo 85 inaweza kuwa ya aliyefaulu waziwazi, au ya aliyefeli waziwazi kama mimi. Mara ya pili nilikwenda hadi 131, yaani kwa muda mrefu nilikuwa nikielea karibu na mstari, jambo ambalo si la kujivunia sana, lakini leseni haiandikwi idadi ya maswali.

Kuna jambo lingine lililonichoma nilipolisoma. Katika maswali yale 85 ya kwanza, 15 hayahesabiwi kabisa. Yako pale kujaribiwa kwa ajili ya mitihani ya baadaye, na mtahiniwa hawezi kuyatofautisha na mengine. Lile swali jepesi lililonivuruga akili huenda lilikuwa mojawapo.

Nakaribisha maswali na nyongeza.

Mchangiaji wa kwanza

Ahsante sana dada kwa ukweli wako. Mimi nilihitimu zamani kidogo, na kinachonitisha ni huu muundo mpya wenye visa virefu vya wagonjwa. Kila ninayeongea naye anasema mtihani wa sasa umetungwa ili watu wafeli. Je, ni kweli?

Mleta uzi

Muundo huo ulianza rasmi tarehe 1 Aprili 2023, na hofu yako niliwahi kuwa nayo. Takwimu hazikubaliani nayo. Kwa waliosomea Marekani na kufanya mtihani kwa mara ya kwanza, ufaulu wa mwaka 2022, yaani mwaka wa mwisho kamili wa muundo wa zamani, ulikuwa karibu asilimia 80. Mwaka 2023 ukapanda hadi karibu asilimia 89.

Kila mtahiniwa anapata angalau visa 3, na kila kisa kina maswali 6 yanayofuatana: kutambua dalili zenye uzito, kuzichambua, kupanga ni tatizo lipi linawezekana zaidi, kutafuta hatua zinazofaa, kuchukua hatua, kisha kutathmini kama mgonjwa ameitikia. Ukiangalia vizuri, huo ndio mwendo wa zamu yoyote wodini. Kilichobadilika kwa manufaa yetu ni usahihishaji, maana zamani kwenye maswali ya kuchagua yote ukikosa kipengele kimoja unapoteza swali zima, ilhali sasa unapata alama kwa kila chaguo sahihi na kupunguziwa kwa kila chaguo lisilo sahihi, bila kushuka chini ya sifuri. Hivyo usibofye kila kitu kwa matumaini. Chagua kile ambacho ungeweza kukitetea mbele ya daktari na mbele ya ndugu wa mgonjwa.

Mchangiaji wa pili

Mkuu, kwa kuwa umeufanya mara mbili, hebu tuwekee hapa maswali unayoyakumbuka. Hata kama ni kwa ujumbe wa faragha. Kuna kundi fulani wanauza maswali halisi na bei yake si ndogo.

Mleta uzi

Ndugu, hilo sitalifanya, hadharani wala faraghani. Kabla ya kuanza mtihani kila mtahiniwa anakubali masharti ya kutunza siri ya maswali, na anayeyavunja anaweza kufutiwa matokeo na kukosa leseni. Hao wanaouza, ama wanauza maswali ya kubuni, ama wanakuuzia kesi. Mwezi Januari 2023 serikali ya Marekani ilitangaza mashtaka dhidi ya watu 25 katika kashfa ya diploma bandia za uuguzi zaidi ya 7,600 kutoka vyuo vya Florida, na baadhi ya walionunua walikuwa wamefaulu hata NCLEX, lakini leseni zao zikaanza kufuatiliwa mmoja mmoja. Fedha hizo nunua benki nzuri ya maswali ya mazoezi.

Mchangiaji wa tatu

Naomba kupingana kidogo na mleta uzi, kwa heshima. Mimi nina miaka mingi wodini na nilifanya mtihani huu nikiwa mtu mzima. Kuielewa kompyuta kunasaidia kutuliza moyo, lakini kwa sisi tuliosomea na kufanya kazi nje ya Marekani, tatizo lililotuangusha wengi liko kwingine. Tumezoea kufanya kila kitu sisi wenyewe.

Nitatoa mfano kutoka kwenye mazoezi yangu. Swali linasema una wagonjwa 4 na una msaidizi wa muuguzi asiye na leseni. Ni kazi gani utampa? Mimi kwa mazoea yangu nilikuwa namhurumia, namwachia kitanda cha kutandika na mengine yote nafanya mwenyewe. Au kinyume chake, nampa msaidizi ambaye najua ana uzoefu kazi ya kumwangalia mgonjwa aliyetoka chumba cha upasuaji sasa hivi, kwa sababu katika kazi yangu halisi tumeifanya hivyo mara nyingi kwa upungufu wa watu. Yote mawili ni makosa kwenye mtihani. Kule, msaidizi anapima joto na shinikizo la mgonjwa aliyetulia, anaogesha, anapima mkojo na kulisha asiye na tatizo la kumeza. Tathmini ya kitaalamu, mafunzo kwa mgonjwa na uamuzi kuhusu maendeleo yake vinabaki kwa muuguzi aliyesajiliwa. Muuguzi wa ngazi ya kati anaweza kupewa mgonjwa aliyetulia ambaye hali yake inatabirika. Mgonjwa aliyeanza kuongezwa damu hukai naye mbali katika zile dakika 15 za mwanzo, wala humkabidhi mtu asiye na leseni.

Jambo la pili ni kwamba hospitali ya mtihani ina kila kitu. Dawa ipo, oksijeni ipo, glovu za saizi yako zipo, na mgonjwa aliye mbele yako ndiye pekee duniani kwa dakika hiyo. Nilipokuwa nikijibu maswali kwa kufikiria wodi yangu, nilikuwa nachagua jibu la mtu aliyezoea upungufu: namwita daktari haraka, naomba msaada, nasubiri. Nilipoanza kujibu kana kwamba kila kitu kipo mkononi, alama za mazoezi zilipanda ndani ya wiki 3. Nakiri kwamba jambo hilo liliniuma kidogo, kwa sababu ni kama kuambiwa usahau ujuzi uliokupa jina. Lakini ujuzi haupotei. Unauweka kando kwa saa 5 tu.

Mleta uzi

Mama, hili limenigusa, na nakubali kwamba nililiruka. Naongeza kitu kimoja kinachokwenda sambamba nalo, yaani kutofautisha dalili inayotarajiwa na isiyotarajiwa, kwa sababu maswali ya nani ahudumiwe kwanza yamejengwa juu ya jambo hilo. Swali hili nimelitunga mwenyewe:

Una wagonjwa 4. Wa kwanza ana ugonjwa sugu wa mapafu na oksijeni yake inasoma asilimia 90. Wa pili aliondolewa kidole tumbo jana na anasema maumivu yake ni 6 kati ya 10. Wa tatu ana kisukari na sukari yake ni miligramu 190 kwa desilita. Wa nne aliondolewa tezi ya thairoidi jana na anasema anahisi ganzi kuzunguka mdomo na vidole vinachonyota. Unamwona nani kwanza?

Mara ya kwanza ningemkimbilia wa kwanza, kwa kuwa nimekariri kwamba njia ya hewa na kupumua ni mambo ya mbele. Lakini kwa mgonjwa wa mapafu wa aina hiyo, asilimia 90 imo ndani ya kiwango anacholengwa. Maumivu siku moja baada ya upasuaji yanatarajiwa, na sukari ya 190 inahitaji kushughulikiwa bila kukimbia. Wa nne anaonekana kana kwamba analalamikia jambo dogo, ganzi tu, na hapo ndipo mtego ulipo. Tezi ndogo zinazosimamia kalisiamu zimekaa nyuma ya thairoidi na zinaweza kuguswa au kuondolewa kwa bahati mbaya. Kalisiamu ikishuka, misuli ya koromeo inaweza kukaza na njia ya hewa ikafunga. Yule anayesema midomo yake ina ganzi ndiye mwenye tatizo la njia ya hewa, isipokuwa bado halijafika.

Mchangiaji wa nne

Nimesoma yote. Mimi nina watoto 2 wadogo, nafanya kazi za usiku, na kibali changu kinaisha baada ya wiki 7. Najibu maswali 150 kila siku na alama zangu haziendi popote, ziko 54 au 56 kila siku ya Mungu. Usiku nikilala naota maswali. Juzi nimeamka nimeshika mkono wa mtoto nikihesabu mapigo. Kwa kweli nimechoka, na sijui kama niongeze maswali au niahirishe.

Mleta uzi

Pole sana dada. Hiyo ya kuhesabu mapigo ya mtoto imenifanya nicheke kisha nikajionea huruma, kwa sababu nami niliwahi kumpigia dada yangu simu na kuanza kumuuliza maumivu yalianza lini kabla hata ya kumsalimia.

Maswali 150 kwa siku kwa mtu wa zamu za usiku ni mengi mno. Mimi mara ya kwanza nilijibu zaidi ya maswali 3,000 na nikafeli, kwa sababu nilikuwa nikitazama kama nimepata au nimekosa, kisha nasonga mbele. Mara ya pili nilijibu maswali 40 hadi 50 tu kwa siku, lakini kila swali nililolikosa, na kila nililolipata kwa kubahatisha, nililiingiza kwenye daftari la kawaida la mistari lenye safu 3. Safu ya kwanza niliandika kilichoulizwa, kwa maneno yangu. Ya pili, niliandika kwa nini nilikosa, na hapo nilijiruhusu sababu 4 tu: sikujua, sikusoma vizuri, nilibadili jibu, au nilijibu kwa mazoea ya kazini. Ya tatu, niliandika sentensi 1 ya ninachopaswa kukumbuka.

Baada ya siku 12 nilikaa nikahesabu. Nilitegemea kuona "sikujua" kila mahali, kwa sababu kila siku nilikuwa nikijilaumu kwamba sijui kitu. Kati ya makosa 166 niliyokuwa nimeyaandika, yaliyotokana na kutokujua hayakufika hata theluthi. Sababu iliyoongoza ilikuwa "nilibadili jibu", na karibu mara zote nilibadili kutoka kwenye jibu sahihi baada ya kukaa na swali muda mrefu nikitafuta hila ambayo haikuwapo. Siku ile niliacha kununua vitabu. Niliweka sharti kwamba sibadili jibu ila nikiweza kuonyesha kwa kidole neno kwenye swali ambalo sikuwa nimeliona.

Daftari lina kazi nyingine. Kila Jumapili nilifunika safu ya tatu kwa karatasi na kujaribu kuikumbuka. Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke walionyesha kwamba wanafunzi waliojipima kwa kukumbuka walibaki na mengi zaidi baada ya wiki 1 kuliko waliosoma tena na tena, ingawa wale waliosoma tena ndio waliokuwa na imani zaidi kwamba watakumbuka. Hilo la pili ndilo linalotudanganya sisi tunaopaka kitabu rangi ya njano usiku kucha.

Kuhusu kuahirisha, wiki 7 zinatosha kama utapunguza maswali na kulala. Usingizi ni sehemu ya masomo, kwa sababu ubongo huimarisha yaliyosomwa wakati mtu amelala. Baada ya zamu ya usiku, usifungue benki ya maswali hata kidogo. Alama za saa hiyo zinapima uchovu wako.

Mchangiaji wa tano

Mimi nitasema jambo ambalo wengi hawaliandiki. Kilichoniumiza kuliko maswali ni watu. Nilitangaza tarehe ya mtihani kwa familia, kwa wenzangu wa kazini na kwa majirani, kwa kudhani wataniombea. Waliniombea kweli, lakini kuanzia saa 10 jioni ya siku ile simu haikunyamaza. Nilipofeli nililazimika kutangaza kufeli kwangu mara 20 na kitu, kila mara nikimfariji anayenipigia. Mara ya pili tarehe aliijua mume wangu peke yake, na hata yeye nilimwomba asiniulize mpaka nitakapomwambia mwenyewe.

Mleta uzi

Hili lingestahili uzi wake. Naongezea kwamba anayefeli NCLEX hupewa ripoti inayoonyesha, kwa kila eneo la mtihani, kama alikuwa juu ya kiwango, karibu na kiwango au chini yake, na baada ya siku 45 anaweza kujaribu tena, bodi yake ikiruhusu. Ripoti yangu ilisema niko chini katika usimamizi wa huduma, eneo lenye mambo yale ya kugawa kazi na nani ahudumiwe kwanza, na karibu na kiwango katika dawa, ambazo nilikuwa nimezisoma miezi 2 mfululizo kwa sababu ndizo zilizokuwa zikinitisha. Nilipoipata niliikunja nikaiweka droo ya chini. Niliifungua baada ya siku 9, na najuta siku hizo 9.

Mchangiaji wa sita

Nimefanya jana. Nimefungiwa kwenye 150. Nimejaribu ule ujanja wa kujisajili upya kwenye tovuti ya Pearson VUE, kampuni inayoendesha mtihani, ili nione kama itanikatalia, maana wanasema ikikukatalia umefaulu. Imenipa ujumbe ambao siuelewi. Mikono inatetemeka nikiandika.

Mleta uzi

Kaka, acha kuigusa hiyo tovuti. Ujanja huo ni wa mitaani, NCSBN haiutambui, na wapo waliokatwa fedha za usajili upya kwa kuujaribu. Kufika 150 kuna maana moja tu, kwamba mpaka swali la mwisho kompyuta haikuwa na uhakika wa asilimia 95 upande wowote. Hapo huangalia makadirio yake ya mwisho kama yako juu ya mstari au chini. Kama jimbo lako limejiunga na huduma ya matokeo ya haraka, kesho baada ya saa 48 kutimia utayaona. La sivyo, subiri bodi. Leo tafuta kazi ya mikono nyumbani, ya kuchosha mwili.

Mchangiaji wa nne

Mleta uzi, narudi. Niliufanyia kazi ule ushauri wa daftari kwa wiki zote hizi na alama zimepanda kidogo, si sana, lakini sasa najua ninakosea wapi. Kwangu iliyoongoza ni "sikusoma vizuri". Mtihani ni kesho asubuhi. Nina swali dogo tu: hayo mapumziko ya baada ya saa 2, nikitoka muda unasimama au unaendelea? Na nikirudi naanzia pale pale?

Mleta uzi

Muda unaendelea kuhesabiwa, na ukirudi unakutana na swali linalofuata. Yaliyopita hayarudiwi hata usipopumzika. Skrini itakuuliza baada ya saa 2, kisha tena baada ya saa 3 na nusu. Unainua mkono, msimamizi anakuja, unasomwa kiganja wakati wa kutoka na wakati wa kurudi. Mimi mara ya pili nilitoka nikiwa nimefika swali la 71, nikanawa uso kwa maji baridi, nikala ndizi niliyoiacha kabatini, nikarudi kitini baada ya dakika 8. Nilimaliza nikiwa bado na dakika 40. Toka, dada. Na ndizi uiweke mahali ambapo utaiona mara tu ukifungua kabati, kwa sababu simu hairuhusiwi kuguswa na hutapenda kuanza kupekua mkoba mbele ya msimamizi.